Gari la Nyuma Bado Liko Matopeni

Kaa kwanza, Chebet mwanangu. Kalia hilo sanduku lako kama huoni kiti. Najua teksi iko njiani na chumba cha wafanyakazi wa hoteli kinakungoja. Khalas, mtaa huu wa International City umeumaliza. Lakini mimi nimekuja Dubai kumlelea binti yangu mtoto, sikuja kuangalia mambo nikiwa nimefunga mdomo.

Nakumbuka siku moja nikiwa msichana, kwetu Uasin Gishu. Tulikuwa tunapeleka mahindi ghalani kwa magari ya maksai, letu na la jirani yetu Tabitha, mjane. Mimi nilishika kamba, natembea mbele ya ng'ombe. Njiani kulikuwa na mlima wa udongo mweusi, na mvua ilikuwa imenyesha. Weh! Magurudumu yalizama hata yakakataa kuzunguka. Tukafungua maksai wa Tabitha, tukawafunga mbele ya wetu, wakavuta wote pamoja, gari letu likapanda. Hapo kaka yangu Kibet akawafungua wale wa mjane, akainua fimbo tuende zetu. Mawingu yalikuwa yanakuja, na mahindi yale ndiyo yaliyokuwa chakula chetu. Hata mimi moyo wangu ulikuwa umeshatangulia nyumbani.

Babu yetu akasimama mbele ya ng'ombe. Babu huyo, alipokuwa kijana, aliongoza maksai wa Makaburu walipopanda kutoka Nakuru na magari yao kuja kukaa kwetu. Hakuwapenda hata kidogo.

"Wale watu walinichapa," akamwambia Kibet, "na malisho ya baba yangu wakayafanya shamba lao. Lakini kwenye matope, gari la kwanza likishapanda, ng'ombe wote walirudi chini kuvuta lililofuata, mpaka la mwisho. Hakuna aliyechemsha kahawa huko juu mwenzake akiwa amekwama. Sasa wewe unashindwa hata na hao?"

Kibet akawageuza maksai. Tukarudi chini. Mvua ikatunyeshea, magunia ya juu yakalowa, na Tabitha akapanda. Mahindi yale tuliyaanika siku nyingi, nami nikinung'unika kila nikiyageuza.

Sasa tuje kwako. Ulipofika hapa bila kazi, ni nani aliyekupa nusu ya kitanda chake? Nakato. Ni nani aliyekuzungusha hoteli kwa hoteli, akakuvisha viatu vyake vyeusi uende kuombea kazi? Nakato huyo huyo, Mganda, si wa kwenu wala si wa kwetu. Leo kazi yake imeisha, viza inakaribia kwisha, na asipopata mahali atarudi kwao mikono mitupu. Nawe unaniambia mimi bibi, "Shosho, naogopa madam wa hoteli ataona naleta watu kabla sijaanza kazi." Sikucheki, mwanangu. Hata ile mvua ilikuwa ya kweli.

Nasaha yangu ni hii: aliyekuvuta ukapanda, mrudie kabla hujatua mzigo wako, maana ukishatua utazoea kukaa. Kesho mtaje Nakato kwa huyo madam, kwa mdomo wako mwenyewe. Akikataa, angalau utakuwa umerudi chini na kamba mkononi.

Haya, inuka ufungue hilo sanduku. Vile viatu vyeusi nilikuona ukivipakia. Mrudishie mwenyewe, atavihitaji. Mungu akufikishe salama, mwanangu, na asikufikishe peke yako.