Kurasa Mbili za Mtoni

Mama mkwe wangu alikuwa na ugomvi na mwandishi ambaye hakuwahi kumtia machoni. Ugomvi wenyewe ulihusu mto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na tunaishi Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mume wangu ni dereva wa malori, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tunabaki wawili, mimi na mama yake. Mchana yeye yuko shambani na karanga zake, mimi niko darasani. Jioni, tukishakula, ananiambia, "Haya mwalimu, soma." Macho yake yalianza kufifia miaka kadhaa iliyopita, na siku hizi anachoweza kujisomea mwenyewe ni Biblia ya herufi kubwa tu. Vingine vyote namsomea mimi.

Tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa riwaya ya mwanamke wa zamani, mpagazi, aliyetoka huku kwetu Unyanyembe na mzigo kichwani, akafuatana na msafara hadi pwani kumtafuta mume aliyetangulia asirudi. Niliazimwa na mwalimu mwenzangu kwa wiki moja. Wiki ilipokwisha hatukuwa tumefika hata katikati, na mwenzangu alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Isikizya na anataka kitabu chake. Basi nikafanya jambo ambalo wengi hulifanya na hakuna anayejisifia nalo. Nilikipeleka steshenari, nikakitoa kopi chote, nikakibaindi kwa manila ya kijani.

Tulikisoma mara tatu. Mama akitoa maoni, nami nayaandika pembeni kwa penseli, maana alikuwa anachekesha. "Mama anasema huyu mwanaume ni muongo tangu ukurasa wa kwanza." "Mama anasema uji haupikwi hivyo." Lakini penye mto hakuchekesha, alikasirika kweli. Ukurasa wa mia moja na kumi na moja unaishia mwanamke yule akiwa amesimama ukingoni, mwezi wa kumi, jua la utosi. Ukifunua, unamkuta ng'ambo, amelowa hadi kiunoni na amembeba mtoto wa mtu mwingine.

"Amelowa na nini?" mama aliuliza mara ya kwanza.

"Si ni maji ya mto, mama."

"Mwezi wa kumi?" Akaweka chini ungo wa karanga. "Mto huo naujua. Nimeuvuka kwa miguu nikiwa mdogo, tukienda kwa bibi. Mwezi wa kumi hauna maji ya kulowesha hata kidole. Huyo mwandishi ni mtu wa mjini."

Tangu hapo kila tulipofika mtoni ilikuwa kesi. Hata wakati wa kupalilia angeweza kuinuka ghafla, ashike kiuno, aseme, "Mwezi wa kumi!" nami najua anazungumzia nini.

Kwa hiyo siku moja tangazo lilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu, kwamba mwandishi yule anakuja Tabora kusaini vitabu kwenye duka moja la vitabu mjini, Jumamosi asubuhi, nilimsomea mama huku najua jibu lake.

"Tunakwenda," alisema. "Nitamwamkia vizuri, maana ni mtu mzima mwenzangu. Halafu nitamwambia."

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Ningenunua nakala halali pale pale, isainiwe, na kile cha manila kisionekane na mtu. Lakini asubuhi ya Jumamosi mama alisimama mlangoni na kitenge chake cha kwaya, kidumu cha asali mkono mmoja, mfuko wa karanga za kukaanga mkono wa pili, akaniuliza, "Kitabu chetu kiko wapi?"

"Tutanunua kipya, mama."

"Kipya hakina alama zetu. Nitamwonyeshaje ukurasa?"

Nikakitia kwenye mkoba, chini kabisa, chini ya sweta.

Bajaji ilitushusha dukani saa tatu kasoro. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alikuwa ametandaza turubai mbele ya duka na kupanga viti vya plastiki. Watu walikuwa wameshaanza kujaa: wanafunzi wa sekondari wenye sare, muuguzi aliyetoka zamu akiwa bado na viatu vyeupe, na mzee mmoja aliyevaa kanzu na kofia ya kazi nzuri sana ya mkono. Tukakaa karibu na huyo mzee. Nilimwamkia, akaitikia, akajitambulisha kuwa ni fundi cherehani wa mtaa wa Isevya, anashona kanzu. Kitabu chake kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa shule, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi mweusi.

"Mimi nimekuja kwa swali moja," alimwambia mama. "Nataka kujua yule bibi aliolewa tena au hakuolewa. Kitabu kimeniacha njiani."

"Hakuolewa," mama akasema bila kufikiri. "Kwa lipi? Alishajua njia yote."

Fundi akacheka hadi akashika kofia isianguke. Mama akamfungulia mfuko wa karanga, wakaanza kutafuna na kubishana, na kwa muda nikasahau kilichokuwa kwenye mkoba.

Saa nne mwenye duka akatoka kwenye kivuli, akapiga makofi tunyamaze. Alisema mwandishi amefika alfajiri kwa treni, ni mzima, na yuko njiani kutoka nyumba ya wageni. Halafu akakohoa. Alisema mwandishi alikuwa kwenye mazungumzo matamu sana na abiria wenzake, hata treni ilipofika Tabora akashuka na mkoba wake wa mkononi tu. Maboksi ya vitabu aliyasahau chini ya kiti. Treni imeendelea nayo Kigoma.

Watu waligawanyika, wengine wakaguna, wengine wakacheka. Mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti, "Kigoma wasomaji sana, hawatarudisha!"

"Yatarudi," mwenye duka akasema. "Leo atasaini mlivyokuja navyo."

Niliusukuma mkoba chini ya kiti kwa mguu. Nikaangalia kulia, nikamwona msichana mmoja wa sekondari anasukuma kitu chenye manila ya bluu ndani ya begi lake, anafunga zipu haraka. Tukatazamana.

Mwandishi alipofika, nusu ya watu hawakumtambua. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kasuka nywele za twende kilioni, amevaa ndala, na alikuwa anaomba radhi kabla hajafika kwenye meza. Mama alikuwa ameshasimama, tayari kwa shikamoo yake. Binti akamwahi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, na nilimwona amechanganyikiwa. Akanigeukia na kuninong'oneza kwa Kinyamwezi kwamba huyu ni mtoto, ataanzaje kugombana na mtoto.

Tukapanga foleni. Mwandishi alikuwa na utaratibu mzuri, hakuharakisha mtu. Muuguzi alisainiwa kitabu cha kuazima, na mwanafunzi mmoja akasainiwa daftari la Kiswahili. Fundi alikuwa mbele yetu. Alijitambulisha kuwa ni fundi wa Isevya, akauliza swali lake la ndoa, mwandishi akafikiri, akasema, "Baba, hata mimi sijui. Nilimwacha pale pale ulipomwacha wewe." Fundi akatikisa kichwa, lakini hakuondoka. Alisimama pembeni ya meza kusikiliza wengine.

Ikafika zamu yetu. Mama aliweka asali na karanga mezani kwanza. Mwandishi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Halafu mama akasema, kwa sauti aliyozoea kuimbia kwenye kwaya ya Moravian, kila mtu akasikia:

"Mwanangu, umeandika vizuri. Tumelia, tumecheka. Ila mto ule mwezi wa kumi hauna maji."

"Ndiyo, mama. Hauna," mwandishi akasema.

"Sasa mbona umemlowesha mwenzako hadi kiunoni?"

Mwandishi alikunja uso. "Lakini mama, niliandika kuwa mto ni mkavu. Nakumbuka niliandika."

"Hukuandika. Mwalimu amenisomea mara tatu. Mwalimu, toa kitabu umwonyeshe."

Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Nyuma yangu foleni yote ilikuwa imeinua shingo. Nilitoa sweta, halafu nikatoa kitabu, jalada lake la kijani limejikunja pembe, nikakiweka mezani bila kumtazama usoni.

"Samahani," nilisema. "Niliazimwa kwa wiki moja. Nilikuja leo ninunue chenyewe."

Mwandishi alifunua pole pole. Alipofika mia moja na kumi na moja akageuza karatasi, akarudi, akageuza tena. Halafu akanionyesha namba kwa kidole. Baada ya mia moja na kumi na moja ilikuwa mia moja na kumi na nne. Mimi, ninayefundisha hesabu darasa la tano, nilikuwa nimepita hapo mara tatu bila kuona. Wakati wa kutoa kopi kurasa zilishikana, tukaruka mbili.

"Mama," mwandishi akasema, "mmekosa kurasa mbili. Huko ndiko alikolowa."

"Alilowaje?" mama akauliza.

Mwandishi akafungua mdomo, akaufunga. Akaanza kucheka. "Sikumbuki vizuri. Ni miaka. Kulikuwa na kisima..."

"Kipo hapa," fundi akasema. Alikuwa ameshavaa miwani na kufungua kitabu chake chenye kaki. "Mia moja na kumi na mbili. Nisome?"

"Soma, baba."

Akasoma akiwa wima, pole pole. Alisoma jinsi msafara ulivyokuta mto ni mchanga mtupu, jinsi wapagazi walivyochimba kisima mchangani hadi maji yakajitokeza, na jinsi mtoto wa mwanamke mwingine alivyochungulia akateleza ndani. Yule mpagazi wetu akashuka, mchanga ukabomoka, maji yakamfika kiunoni, akamtoa mtoto na kupanda naye upande wa ng'ambo. Kelele za barabarani ziliendelea, pikipiki zikapita. Muuguzi alikuwa ameshavaa mkoba aondoke, akaketi tena.

Fundi alipomaliza, mama alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja.

"Kisima cha mchangani," alisema. "Ndivyo tulivyofanya. Bibi yangu alichimba kwa kata ya kibuyu, tunasubiri, maji yanakuja kidogo kidogo. Mwanangu, nani amekuambia?"

"Bibi yangu mzaa mama," mwandishi akajibu. "Alikuwa wa huku."

Mama akazunguka meza, akamkumbatia. Halafu akamwomba msamaha kwa miaka yote aliyomsema shambani, na mwandishi hakuelewa vizuri anaombwa msamaha wa nini, akasamehe tu.

Mimi bado nilikuwa nimesimama. Mwandishi aliporudi kwenye kiti akafunua tena kitabu changu, na sasa akaona alama za penseli. Akasoma moja kimoyomoyo, akacheka. Akasoma ya pili kwa sauti: "'Mama anasema huyu mkuu wa msafara angepata mke mkali angenyooka.'" Foleni yote ikaangua kicheko. Alisoma nyingine nne au tano, kisha akaniomba ruhusa apige picha za kurasa hizo kwa simu.

"Lakini mwalimu," alisema akishaweka simu chini, na hapo hakucheka, "hiki siwezi kukisaini kama kitabu changu. Niliandika miaka minne. Wewe ukifundisha mwezi mzima usilipwe, utajisikiaje?"

"Vibaya," nikasema. "Naomba radhi. Maboksi yakirudi nitanunua."

"Najua utanunua." Alichukua kalamu, akaandika kwenye nafasi nyeupe chini ya ukurasa wa mia moja na kumi na moja: *Hapa pana kurasa mbili. Muulizeni fundi wa Isevya.* Chini yake akaweka jina lake.

Yule msichana wa manila ya bluu, alipoona hivyo, alifungua zipu.

Maboksi yalirudi kutoka Kigoma baada ya siku tisa, hayajapungua hata kitabu. Nilinunua nakala mbili, moja yetu na moja nikampelekea mwalimu mwenzangu Isikizya, kumshukuru kwa kuniazima. Mama alinifanya nimsomee kurasa zile za mtoni usiku ule ule, halafu akasema fundi anasoma vizuri kuliko mimi. Sikubisha, maana ni kweli.

Jumamosi iliyofuata akataka twende Isevya kumsalimia. Tulikwenda na mahindi mabichi. Muuguzi alikuwepo, amepeleka sketi ipunguzwe, tukaishia kusoma, na hakuna aliyeondoka mapema. Tangu hapo imekuwa desturi. Kila Jumamosi baada ya saa kumi, fundi anasukuma cherehani yake pembeni ya baraza, mkewe anatuletea kahawa na kashata, na tunasoma. Tuko watu wanane au tisa. Tulianza kwa zamu, lakini siku moja alikuja mama muuza vitumbua wa jirani, kakaa tu kusikiliza, fundi akampa kitabu ajaribu. Sauti iliyomtoka sijui nikuelezeje. Wahusika wote aliwapa sauti zao, hadi mbuzi.

Jumamosi iliyofuata nilipofungua kitabu nianze, mama alinigusa mkono, akasema taratibu lakini si taratibu ya kutosha, "Mwalimu, pumzika. Mwachie mwenzio."

Wote wakasikia. Nikampa mama wa vitumbua kitabu, nikachukua kikombe cha kahawa, nikasogea upande wa wasikilizaji karibu na muuguzi, aliyenisogezea kashata bila kunitazama kwa sababu anazuia kicheko.