Kitabu cha Kufungia Vyungu

Nilikipata kitabu kile sokoni Lyulilo, kikiwa kimeshapungua. Mama alinituma kutoka Makwale nikamnunulie vyungu viwili, na mfinyanzi aliyeniuzia, mama mtu mzima wa kabila la Wakisi, alikuwa anachana kurasa na kuzisokota katikati ya vyungu ili visigongane njiani. Nilimshika mkono kabla hajachana nyingine.

"Mama, hicho si kitabu?"

"Karatasi ni karatasi," alisema. "Kilikuwa kwenye sanduku la marehemu mama yangu."

Nilimwomba kilichobaki, nikamtafutia majani makavu ya migomba afungie badala yake. Alinipa, lakini alinitazama sana, kama mtu aliyeuza kitu bila kujua ni nini.

Hakikuwa na jalada, wala kurasa za mwanzo, wala jina la aliyekiandika. Kilianza ukurasa wa kumi na saba, katikati ya sentensi, mtu anavuka kwa miguu mto ulioganda. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji milimani ambako ng'ombe hulala chini na watu juu yao, ili joto la wanyama lipande. Mkate waliuoka mara mbili tu kwa mwaka, wakautundika darini, na ukitaka kuula unaukata kwa shoka. Mwanamke mmoja alimwambia mwandishi kwamba majira ya baridi hawazungumzi nje ya nyumba, kwa sababu maneno huganda na majirani huyaokota yakiyeyuka.

Ilikuwa msimu wa kakao. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na mikeka, kugeuza punje, kufukuza kuku na kuangalia wingu. Nilisoma huku nageuza. Jasho lilinitoka mgongoni nami nilikuwa nasikia baridi ya nchi ile vidoleni. Nilicheka peke yangu, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni nani anakuandikia?"

"Hakuna mtu, mama. Ni kitabu."

"Kitabu hakichekeshi hivyo," alisema. Baadaye nilimwona akikikung'uta kuona kama kuna barua ndani.

Kushuku ni jambo la nyumbani kwetu. Marehemu baba hakuamini kwamba kakao imekauka mpaka avunje punje mwenyewe na kuisikia inalia. Hata hivyo kitabu kile sikukivunja. Nilikimeza. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini, sijawahi kupita Mbeya, na kwa wiki mbili niliishi juu ya ng'ombe wa watu.

Kisha nikafika sura ya mwisho. Mwandishi alishuka kwenye ziwa refu lenye milima mikali upande wa mashariki, akapanda mtumbwi, akafikia kwa wafinyanzi. Nikaacha kugeuza kakao. Ilikuwa ni kwetu. Aliandika kwamba udongo wa vyungu huchanganywa na maziwa ya mbuzi mweusi. Aliandika kwamba chungu hakiingii motoni mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba akipigie magoti na kukiomba radhi. Aliandika kwamba watu wa ufuko ule hawali samaki siku ambayo wingu limefunika mlima.

Milima ile hufunikwa na wingu karibu kila siku. Kama lingekuwa kweli, wangekwisha kwa njaa.

Sikusoma tena siku ile. Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa punje mbichi. Kama aliandika uongo kuhusu ninapopajua, niliamini kwa nini ya pale nisipopajua? Nilirudi kwenye mto wa barafu na kila sentensi ilinukia vibaya. Nilitafuta kwenye simu. Ilinipa picha nyingi za theluji, lakini kijiji kile haikukijua. Nilianza kuvishuku hata vitabu vingine vilivyokuwa chini ya kitanda changu, vya jangwani, vya visiwani, vyote. Nikafikiri labda waandishi wale walikaa kwenye chumba kimoja mjini, mashabiki wao tukiwa huku tunahisi baridi.

Siku ya soko iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Matema, nikatembea mpaka Lyulilo. Mfinyanzi alikuwa amekaa ufukweni na vyungu vyake, anasugua kimoja kwa kokoto. Nikamsalimu, akaitikia, "Ndaga," macho yake yakiwa kwenye mfuko wangu.

"Umekirudisha?"

"Nataka kukuuliza, mama. Udongo wenu mnauchanganya na maziwa?"

Mkono wake ukasimama. "Nani anataka kujua?"

"Mimi tu."

"Na wewe unauliza kwa ajili ya nani?"

Niliona hatanijibu. Nikatoa kitabu, nikamsomea. Maziwa, akakunja uso. Kupiga magoti, akaweka kokoto chini. Nilipofika kwenye wingu na samaki alianza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka bila sauti.

"Huyo ni mama," alisema. "Hayo ni maneno ya mama yangu kabisa."

Akanisimulia. Yeye alikuwa msichana mdogo wakati ule. Mtu alikuja na mtumbwi, mtu wa mbali, anazungumza Kiswahili cha ndani sana ambacho wao walikifuata kwa shida. Siku hiyohiyo akashikwa na homa, akalala nyumbani kwao siku tatu. Homa ikishuka alikuwa anatoa daftari na kuuliza. Nani mwenye ardhi hii. Nyumba ziko ngapi. Udongo mnachimba wapi.

"Tulimshuku. Mtu anayeandika kila kitu, anakiandikia nani? Baba alitaka aondoke. Mama akasema mgonjwa hafukuzwi, lakini udongo hataujua ulipo. Basi kila akiuliza udongo, mama anampa kitu kingine. Maziwa. Magoti. Wingu. Sisi watoto tulikuwa tunatoka nje kucheka."

"Akaamini?"

"Aliandika yote. Alishukuru, akaenda zake. Miaka ikapita, kikaja hiki kitabu kwa mkono wa mtu wa boti, kwamba kimetoka kwake. Mama hakujua kusoma, na hakutaka tukipeleke kwa mwalimu. Alisema huenda ni mashitaka. Akakitia sandukuni mpaka alipokufa."

"Na wewe ukakichana."

"Mimi nilisoma darasa la pili tu," alisema. "Nilijua nini?"

Nilimuuliza kama kurasa za mwanzo zilibaki popote. Akatikisa kichwa. Zilikwenda na vyungu, Kyela, Ikolo, kokote. Jina la mtu yule tulilikosa hapo wote wawili, maana yeye naye hakulikumbuka.

Kulikuwa na aya moja niliyoiruka kwa hasira nikiwa nyumbani. Nikamsomea. Mwandishi alisema kwamba mwenyeji wake, mwanamke mwenye mikono mipana, alimpa uji asubuhi zote tatu, akamshikia bakuli yeye mwenyewe kwa sababu mikono ya mgonjwa ilikuwa inatetemeka kwa homa.

Mfinyanzi alifuta udongo vidoleni kwa khanga, kidole kimoja kimoja.

"Hilo ni kweli," alisema. "Soma tena."

Nikasoma tena. Kisha akataka kujua huko mwanzo kuna nini, nikafungua ukurasa wa kumi na saba. Nilisoma nikiwa na shaka na kila neno, lakini baridi ilirudi vidoleni vilevile, na sikuizuia. Alisikiliza mpaka kwa mwanamke aliyesema maneno huganda hewani na majirani huyaokota.

"Huyo naye aliulizwa kitu," alisema mfinyanzi, akiokota kokoto yake. "Sijui alikuwa anaficha nini."

Nikafunua ukurasa tuone.