Viatu Vilivyogandishwa Sakafuni

Zamani mtoto akipigwa kupita kiasi jirani alivunja mlango; siku hizi jirani hufunga dirisha. Likizo ile ya joto, mabinti wawili wa fundi viatu wa nyumba ya pili waligandisha viatu vya baba yao sakafuni kwa gundi yake mwenyewe, ili asiende kazini. Akavivaa, akapiga hatua, akaanguka kifudifudi, akang'oka meno mawili. Aliinuka na mkanda.

“Baba, tulitaka ubaki tucheze!”

“Nimebaki! Leo mtanikoma!”

Kati ya majirani wote, niliingia mimi peke yangu.

“Mzee, toka! Umewazaa wewe?” baba yao alifoka, akanipasua paji la uso kwa nyundo.

Akiwa bado ananipiga, mama yao aliwatorosha. Mara ya mwisho niliwaona juu ya lori, miguu mitupu, migongo imevimba, mdogo akinipungia mkono.