Kaburi Nililoliandika Kilima

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa wanne uwandani, nje ya Katesh: Kapteni wa mafunzo, Sajini wa ramani, mzee Gidamara, mfugaji wa Kibarabaigi aliyetuonyesha njia, na mimi, karani wa kiraia kutoka Tumati. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu watatu. Kompyuta nilijifunzia Dongobesh.

Tuliandaa mazoezi ya kivita ya kwenye kompyuta: ardhi ikoje, kikosi gani kinaanzia wapi. Zamani faili la kambi moja halikufunguka kambi nyingine. Sisi tulifuata kiwango huria, yaani utaratibu wa wazi ambao programu yoyote inausoma. Kila kitu kilipewa aina kutoka kwenye orodha ya pamoja, na orodha yenyewe iliruhusu kuongezwa.

Mzee alinyoosha fimbo kwenye tuta refu la udongo. "Yule ni baba." Wabarabaigi humjengea mzee wao kaburi hivyo, udongo juu ya udongo, kwa miezi. Orodha haikuwa na aina hiyo. Nikaandika: kilima kidogo.

Faili likasambaa. Siku moja Sajini akaja akicheka. "Karani, kilima chako kimependwa! Kila kambi inapandisha vifaru pale. Wiki ijayo tunapanda kweli."

Nilikwenda kwa Kapteni. "Afande, kile si kilima. Ni kaburi. Niliandika mimi."

Akalifungua faili. "Kosa umelituma kwa wote. Na sahihisho litume kwa wote. Kila kambi ijibu."

Nikaongeza aina mpya: kaburi la heshima, halipandwi, pita mbali. Majibu yalikuja moja moja. La mwisho liliingia asubuhi ya zoezi. Kutoka mteremko wa mlima Hanang niliona vumbi la magari likijipinda polepole, kama maji yanavyozunguka jiwe, tuta likabaki katikati, kimya.

Nilimfuata mzee kukiri. "Shikamoo."

"Marahaba. Umempandia baba yangu vifaru?"

"Kwenye kompyuta tu, mzee."

"Kwani huko hakulala?" Akanitoza faini ya kwao: kibuyu cha asali, kutoka mzinga nitakaouchonga mwenyewe. "Ya dukani mpe Kapteni wako."

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu wana miji yao. Mzinga wa faini niliuchonga, nimeutundika shambani, na mchana hukaa nikiutazama mpaka Hanang inapojifunika wingu na vumbi lile kunirudia. Nyuki wamekuja mara mbili, wakazunguka mlango, wakaenda zao. Mzee, mkongwe sasa, huniuliza sokoni kama bado nachonga. Kibuyu chake ninacho ukutani, kitupu.