Paa la Vibao Viwili

Nikisikia harufu ya nta ya sakafu, hata leo, uso wangu huwaka moto.

Tulikuwa wadogo, tumeketi sakafuni katika shule ya masista, kule kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Mamère, ndivyo tulivyomwita sista wetu, alinipa vibao viwili vya pembetatu, vyekundu upande mmoja, nitengeneze paa la nyumba. Nikavisukuma, nikavizungusha; paa likakataa, likainama kama kofia ya mlevi. Wenzangu wakacheka.

Mama alikuwa nyuma yangu, amepiga magoti, anasugua sakafu. Ndiyo kazi aliyopewa pale. Akaninong'oneza: “Pindua kimoja, mwanangu.”

Nikapindua. Upande usio na rangi ukaja juu, paa likakaa sawa.

Mamère akageuka. “Huyu iko mama yako?”

Wenzangu wote walikuwa wakiyatazama magoti ya mama, mekundu kwa nta. Nami nikayatazama.

“Hapana, mamère. Simujue.”

Mama hakuinua kichwa. Alisugua polepole mpaka akanifikia, akasema kwa adabu, kama mtu anayesema na mtoto wa watu wengine:

“Mutoto ya bantu, sogea kidogo, nipanguse.”