Gari Yenye Jina la Marehemu

Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo msinitafutie hapa Kiswahili cha redio. Nimezeekea chini ya magari ya watu hapa Nakuru, na mgongo wangu ni shahidi. Lakini leo nataka kuandika juu ya gari moja tu. Ndogo, ya viti viwili, haina paa, rangi ya kijani kama sukuma wiki iliyonyeshewa.

Mwenyewe alikuwa mwuza vitambaa, Mwislamu, watu wake walitoka pwani zamani za reli. Mtu mpole wa kanzu nyeupe, lakini akishaingia kwa hiyo gari anakuwa kijana wa miaka ishirini. Ijumaa baada ya swala alikuwa anaileta kwa gereji yetu, nimsikilizie injini. Kando yake, mara zote, binti yake mdogo, na swali lake lilikuwa moja.

"Baba, na mimi lini?"

"Miguu ikifika kwa klachi."

Tulikuwa tunacheka, maana hiyo miguu ilikuwa inaning'inia, hata sakafu haifiki.

Baadaye mzee aliiuza ndio binti aende kusoma ng'ambo. Aliyeinunua alikuwa kijana wa haraka haraka, akaiangusha pale mteremkoni juu ya Mai Mahiu. Yeye aliruka, akapona. Gari ikaungua. Nilitumwa kuivuta, nikakuta mifupa tu. Mimi na wenzangu tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kwa kibanda pale chini, na wacha niseme ukweli, hiyo githeri ilikuwa tamu ajabu, naikumbuka vizuri kuliko huzuni yenyewe. Mlango mmoja ulikuwa haujaungua. Mama wa kibanda aliuomba, akaufanya mlango wa banda la kuku wake. Mwenye vitambaa akafa bila kumfundisha binti yake.

Sasa juzi simu yangu ikalia.

"Shikamoo mzee. Unanikumbuka? Mimi ndiye yule wa klachi."

Kumbe amestaafu huko ng'ambo, amerudi kwa nyumba ya baba yake, Milimani. Nilienda siku hiyo hiyo, nikamkuta nywele nyeupe chini ya mtandio, lakini sauti ile ile. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akavuta shuka kubwa, na mimi nikashika ukuta. Ile gari. Kijani kile, taa zile za duara, boneti na mkanda wake wa ngozi.

Akanieleza. Kiwanda kile kile kilichoizaa kimetoa michoro ya zamani kabatini, kinaunda chache tena, bodi ya kugongwa kwa mkono, na namba ya chasisi inaendelea pale walipoachia ile siku waliacha kuziunda. "Si nakala, mzee. Ni wenyewe wameendelea kuhesabu."

Kaka yake mdogo alikuwa ameketi kwa baraza na kikombe cha chai. "Ni feki ya bei kali," akasema. "Dada yangu amejinunulia sanamu ya baba."

Dada alinigeukia mimi. Aliniambia polepole kwamba tangu gari ishushwe kwa lori hajaiendesha. Anaingia tu, anakaa kushoto, kile kiti cha utotoni, kisha anatoka. "Nikitaka kukaa kwa dereva naona kama namdhihaki baba. Wewe ndiye umebaki uliyeishika ile. Niambie. Kama ni uongo, naiuza kesho."

Si mchezo kuulizwa hivyo. Nikafungua boneti, nikanusa. Nikaiwasha. Ile ya zamani, asubuhi za baridi ya Julai, ilikuwa inakohoa kama mvuta kiko kabla haijakubali. Hii ilishika mara moja. Nikapapasa mlango, mahali pete ya mzee ilikuwa imekwaruza rangi. Laini kabisa.

"Mama," nikasema, "hii si ile."

"Si nilisema!" Kaka akapiga makofi.

Uso wa dada ukasawijika.

"Ngoja, boss. Sijamaliza."

Nikawaambia habari ya mama yangu. Kwetu, kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Wangu alizaliwa baba yangu akiwa tayari amezikwa, huko Molo. Mama alimpokea yule mtoto, akamwangalia vizuri, akamwita "mume wangu". Halafu akaanza kumgombeza! "Leo umekuja nyumbani mapema, kwani pombe imeisha?" Mtoto hata meno hana. Kila siku anamdai majibu ya miaka thelathini ya ndoa, na huku anambusu. Kijana huyo hajawahi kuonja pombe, lakini anatembea na bega moja chini, kama marehemu.

"Mama hakuwa mjinga," nikasema. "Alijua mumewe yuko wapi. Lakini huyu mtoto alitoka nyumba ile ile, na jina amepewa na wenye jina. Jirani akimwita mtoto wake hivyo, ni sawa, lakini huyo si mume wa mama. Hata magari, nimeona mafundi wakigonga mfano wa haya, mazuri kabisa. Hayo ni ya jirani. Hii ni ya nyumbani."

Kaka akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo dada aiite baba?"

"Aigombeze kwanza. Ndivyo mama alianza."

Dada alicheka, halafu cheko likakatika. Akazunguka upande wa kulia, akafungua mlango, akaupiga kofi.

"Ulikuwa wapi wewe? Miguu ilifika kitambo! Sasa magoti yanauma!"

Akaingia. Akakanyaga klachi mpaka chini, akakaa hivyo, macho mbele, machozi yanashuka tu. Mimi nikaingia kushoto. Ng'ambo alizoea gari za otomatiki, kwa hivyo injini ilimzimikia mara mbili kabla hatujafika kwa geti, na aliyetufungulia ni kaka.

"Na mimi lini?" akauliza, kama anatania.

"Muulize mwenyewe," dada akamwambia, akigonga usukani.

Tulienda mpaka Lanet na kurudi, upepo umetujaa kwa masikio. Gia ya tatu alikuwa anaikwaruza vibaya sana, mpaka meno yangu yanauma. Mkono wangu ulitaka kumwonyesha. Nikaukalia.