Mwisho wa Ile ya Kisima

Juzi nikiwa Masinga, nimejilaza katika chumba cha kukodi karibu na bwawa, rangi ya mafuta ikiwa bado kwenye kucha zangu, simu iliniletea filamu ambayo siku hiyo sikuwa naitafuta. Unajua hizi simu zilivyo. Ukitazama moja, nayo inakuwekea nyingine kabla hujanyoosha mgongo. Ilianza na kilima chenye majani marefu, mtu amebeba sururu begani, na chini bondeni mdomo wa kisima uliozungushiwa mawe. Nikaketi. Kisima kile nilikuwa nimekitafuta miaka mingi bila kukipata, kwa sababu sikujua jina la filamu. Kwetu haikuwa na jina. Tuliiita Ile ya Kisima, basi.

Mimi ni mpaka rangi. Napaka maduka, makanisa, shule, popote ninapoitwa, na sijawahi kukaa mji mmoja mpaka wakanizoea. Kwa mtu kama mimi jioni ni simu na filamu, kwa hivyo nimetazama nyingi, na maoni ninayo hata kama hakuna anayeniuliza. Hizi mpya za watu wanaoruka angani wakibomoa miji zinanishinda. Mji mzima unaanguka na huoni hata mama mmoja anayetafuta kiatu cha mtoto wake. Lakini kuna moja ya Nairobi niliyoiona mwezi uliopita, ya ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Hiyo naisifu. Wanaongea kama watu, wananyamaza kama watu, na chai wanayomimina inaonekana kweli ni ya moto. Mwishoni machozi yalinitoka kidogo. Nikageuka nimwambie mtu, nikakutana na ukuta. Hilo ndilo linalonichosha na filamu za siku hizi, na si kosa la wanaozitengeneza. Unaitazama peke yako, inaisha, na hakuna wa kuisema.

Maana kwetu, rafiki yangu, filamu ilikuwa inasemwa.

Kwetu ni milimani, nyuma ya Kangundo, wakati kila mteremko ulikuwa wa mibuni na harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ilipanda kutoka kiwandani ikaingia hadi kwenye blanketi. Kanisa letu lilikuwa na mkalimani. Wahubiri wageni walikuja na Kiingereza chao, naye akasimama bega kwa bega nao akikigeuza kuwa Kikamba. Mhubiri akipiga mimbari, yeye anapiga hewa. Mhubiri akilia, yeye analia zaidi. Mhubiri akisema neno moja, yeye anatoa sentensi tatu, na Susu, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa akisema kwamba mahubiri ya wageni ni maji matupu mpaka yapitie kwa yule jirani yetu. Siku za kazi jirani huyo alisukuma toroli kiwandani. Lakini hakuna aliyemjua kwa toroli. Hata mke wake alimwita Mkalimani.

Sasa, shemeji yake aliyefanya kazi Mombasa alimletea televisheni ndogo, mashine ya video na kanda chache. Stima haikuwa imefika, kwa hivyo alitumia betri ya gari. Jumapili baada ya chakula cha mchana tulijaa sebuleni kwake. Sisi watoto tulilipia viti vyetu vya sakafuni kwa kuchotea ng'ombe wake maji. Akina mama walikuja na maharagwe ya kupukuchua. Susu alikuja na kiondo chake, akisokota uzi wa mkonge pajani bila kuutazama. Mke wa Mkalimani alichoma mahindi nje ya mlango, na moshi ukaingia kutazama pamoja nasi.

Filamu zenyewe zilikuwa za Wachina. Mkalimani hakujua hata neno moja la Kichina, wala sisi, na hilo halikumsumbua mtu. Alisimama kando ya televisheni vile vile alivyosimama kando ya wahubiri, kiganja kimoja hewani, na wale watu wakaongea Kikamba. Steringi wa Ile ya Kisima, yaani shujaa wake, Mkalimani alimwita Nzioka. Nzioka alikuwa mchimbaji visima. Adui alikuwa amemuua kaka yake na kuchukua ng'ombe wa familia, naye Nzioka alimtafuta vijiji vyote, akichimba kisima kila alipolala. Nyanya mmoja wa Kichina mwenye mvi alikuwa mama yake Nzioka, na kila alipotokea akina mama wote mle ndani walisema, "Aiya, maskini."

Halafu siku moja, wakipigana, adui akatumbukia kisimani. Alidaka kamba. Mwisho wa pili wa kamba ulikuwa mikononi mwa Nzioka. Ukamwona Nzioka amekaza miguu kwenye mawe, shingo imetoka mishipa, anachungulia chini. Amvute au amwachilie?

Hapo ndipo mashine ilipokuwa imetafuna kanda. Televisheni ilijaa chenga na kelele kama mvua juu ya mabati. Mkalimani aliizima kwa kidole kimoja, akavuta debe tupu kutoka chini ya meza, akaendelea. Kwa sauti yake ya kawaida alikuwa Nzioka. Akiingiza uso ndani ya debe, alikuwa adui kule chini.

"We!" Nzioka aliita. "Uko na mama?"

Na debe likajibu.

Lilijibu nini? Hapo ndipo ninapokwama. Nilisikia mwisho ule Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nakumbuka kila kitu isipokuwa maneno. Naikumbuka kutu ya debe kwenye paji la uso wake. Nakumbuka maharagwe yaliacha kudondoka kwenye sufuria, na kwamba watu walitoka taratibu kama wanaotoka kanisani. Nakumbuka tukiteremka nyumbani katikati ya mibuni, Susu mbele, kiondo kichwani, akisema bila kugeuka, kila mara maneno yale yale: "Hata mimi ningefanya hivyo."

Na Susu alikuwa na mtu wake. Babu alipofariki, ndugu wa marehemu alisogeza mpaka wa shamba ukala nusu ya mibuni ya Susu. Walikutana kwenye njia ya mtoni karibu kila siku, naye Susu hakuwahi kumwitikia salamu. Alikufa akiwa na donge hilo, au bila donge hilo, sijui. Hakuwa mtu wa kusema yaliyo moyoni. Alichowahi kusema ni hicho tu, kwamba hata yeye angefanya alivyofanya Nzioka. Kwa hivyo unaelewa. Mwisho wa filamu ile si mwisho wa filamu tu kwangu. Ndani yake mna nyanya yangu.

Basi pale Masinga niliitazama hadi mwisho, mara hii ikiwa na maandishi chini. Nilicheka mwenyewe. Hakukuwa na kaka aliyeuawa. Hakukuwa na ng'ombe. Adui alikuwa mtoza ushuru, na yule nyanya wa mvi alikuwa mpishi wa hoteli. Kilipofika kisima niliisogeza simu karibu na uso, kisha yule steringi akaachilia kamba kama mtu anayetupa ganda la ndizi, ukasikika mshindo, ikaingia harusi na ngoma. Imeisha. Kama filamu si mbaya, mapigano yake ni safi na farasi wa steringi ana akili kuliko wengi. Lakini haikuwa yetu.

Nikampigia dada yangu aliye Syokimau.

"Unakumbuka Ile ya Kisima iliisha aje?"

"Kwani ilikuwa na mwisho? Mimi nakumbuka mahindi tu."

"Jaribu, dada. Debe lilisema nini?"

"Wewe! Watu wa umri wako wanatafuta mabibi, wewe unatafuta debe?" Akacheka. "Mwulize mwenyewe. Lakini enda haraka. Nilisikia ni mgonjwa."

Jumamosi nikapanda hadi kwetu. Bodaboda aliniacha mahali palipokuwa kiwanda, nami nikasimama nikitafuta ile harufu kwa pua kama mbwa. Hakuna. Mibuni imeng'olewa karibu yote, wamepanda parachichi na nyumba. Mke wa Mkalimani nilimkuta uani akipukuchua maharagwe, mgongo umepinda lakini vidole ni vile vile.

"Wi museo, Mama."

"Ni museo. Ni wewe? Umepaka nyumba za watu mpaka ukajipaka mwenyewe! Hiyo masikio haioshwi?"

"Ako wapi Mzee?"

"Ako pale kwa jua. Lakini usingoje maneno, mwanangu. Kiharusi kilichukua mkono, kikachukua mdomo. Kilimwachia neno moja."

"Gani?"

"Aiee." Yaani hapana, kwa lugha yetu. "Ukimwuliza ako na njaa, aiee. Ukimletea muthokoi, anafagia sahani. Pasta alikuja akamwombea, akamwambia sema amina. Sasa fikiria alijibiwa nini mbele ya wazee wa kanisa." Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akajifuta macho kwa kona ya leso. "Daktari alisema tumwongeleshe. Naongea mchana kutwa. Yeye ndiye alikuwa wa kuongea hapa."

Mkalimani alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mdogo kuliko nilivyomwacha, mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Sijui kama alinitambua. Nilichuchumaa, nikamshikia simu mbele ya macho, nikawasha. Kilima kikatokea, majani, sururu. Wachina walipoanza kuongea, mkono wake wa kushoto ulipanda polepole, kiganja hewani. Midomo ikawa inakwenda. Hakuna sauti iliyotoka, lakini ilikwenda nao, ikisimama waliposimama. Mama aliacha maharagwe akaja kusimama nyuma yetu.

Tuliitazama yote hivyo. Nzioka aliposhika kamba, nikaisimamisha filamu.

"Kutoka hapa ni wewe, Mzee," nikamwambia.

Alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Niliona neno likipanda hadi kooni, nikaliona likirudi. Akajaribu tena. Sikuweza kuvumilia, nikaanza kumsaidia kama mtu anayemsukuma mzee mlimani.

"Alimvuta?"

"Aiee."

"Alimwachilia?"

"Aiee."

"Aliifunga kamba kwa mti akaenda zake?"

"Aiee," akasema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka jicho la upande mzima.

"Mwache," Mama alisema. "Si nimekuambia ni hilo tu alilo nalo?"

Lakini mkono wake ulikuwa unaonyesha kitu. Pale chini ya bomba la maji ya mvua palikuwa na ndoo ya plastiki ya buluu. Madebe ya bati siku hizi utayaona wapi. Mama alimwaga maji, akamletea ndoo, akamwekea magotini. Aliichungulia kwa muda mrefu. Nikajua ninachotakiwa kufanya.

"We!" nikaita, Kikamba changu kikiwa kimechakaa kwa kuzurura. "Uko na mama?"

Aliinamisha uso ndani ya ndoo.

"Aiee."

Ilitoka kule chini kabisa, nzito, yenye baridi. Ilikuwa ni ile sauti. Mama alishika bega langu. Je, hilo ndilo jibu lililotolewa na adui siku zote, kwamba hana mama, na ndilo lililowanyamazisha akina mama na maharagwe yao? Au ni neno pekee lililobaki kinywani, nalo lingetoka hata ningeuliza bei ya mahindi? Sikujua. Sijui hadi leo.

Akainua uso. Matone ya maji yalikuwa kwenye nyusi zake. Akanitazama, akangoja.

Nilichelewa kuelewa anangoja nini. Ilikuwa zamu ya Nzioka. Adui amejibu, na sasa aliyeshika kamba ni lazima aseme kitu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitafuta. Nilimtafuta Susu akiteremka mbele yangu na kiondo chake, nikajaribu kufikiria yeye angesema nini kwa mtu aliye kule chini, na nikaona mgongo wake tu. Maneno ya Nzioka nayo yalikuwa ya Mkalimani. Yote yalikuwa yake, ya juu na ya chini.

Nikauliza tena swali lile lile, nikitumaini kwamba mara hii atapitiliza hadi maneno ya Nzioka. Akainama, akajibu vile vile, akainua uso, akangoja vile vile.

Nimekuwa nikizunguka nchi hii na mwanzo wa ile hadithi mfukoni, nikidhani mwisho wake umewekwa salama mahali fulani milimani, na kwamba siku nitakayochoka nitaenda kuuchukua. Sikufikiri kwamba vitu vya namna hii havina mahali pengine pa kukaa isipokuwa kinywani mwa mtu mmoja, karibu na debe.

Mbuzi walianza kulia kwa kiu. Mama alingoja kidogo, akanitazama, akamtazama mumewe, kisha akaja taratibu kuchukua ndoo yake akawanyweshe. Ilimbidi avute. Mkalimani alikuwa ameikamata kwa ule mkono mzima, na hakuwa ameyaondoa macho yake kwangu.